Matusi ya Asubuhi

Mbayo Kalombo alikuwa na namna moja tu ya kumwamkia Badibanga, na kwa miaka kumi na minne hakuibadilisha. Alifika ukingoni mwa pisini, yaani bwawa la kuogelea la tajiri waliyekuwa wakimfanyia kazi wakati huo, akaweka mikono kiunoni, akainama kutazama chini, kisha akapaza sauti:

"Weye mugeni! Treni yako imefika. Ungali unatafuta nini mu Kolwezi yetu?"

Na kutoka chini, bila kuinua kichwa, Badibanga alijibu:

"Ambia treni ingoje. Kwanza nifundishe mutu ya Kisenge kunawa uso."

Hapo ndipo siku ilipoanza. Hakuna aliyeshika mwiko wa kupigia lipu kabla ya matusi hayo, kama vile padri asivyoanza misa kabla ya ishara ya msalaba. Wapishi na walinzi wa nyumba za mabosi waliyazoea. Wengine walitoka jikoni kuja kusikiliza, kwa sababu pisini tupu ina sauti yake: neno likitupwa ndani yake huzunguka kuta zote nne kabla ya kunyamaza.

Ukweli ni kwamba Mbayo ndiye aliyekuwa mgeni. Alizaliwa Kisenge, mji wa manganizi, ambako vumbi ni jeusi na shuka halijapata kuwa jeupe hata siku ya harusi. Baba yake alitoka kaskazini, upande wa Kabongo, akifuata kazi ya mgodi. Vita vya Angola vilipokata reli ya kwenda baharini, mgodi ulilala, na kijana Mbayo akaja Kolwezi na mfuko mmoja wa nguo. Badibanga alizaliwa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi. Alibatizwa Kolwezi, akaoa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, zamani za Wabelgiji. Kasai yenyewe Badibanga hakuwahi kuiona. Aliijua kama mtu anavyomjua babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa: kwa jina, na kwa nyimbo za mama jikoni.

"Baba yako na baba yangu balikuya na treni moja," alipenda kusema. "Ya kwako alishuka mbele, sababu njaa ilimushika."

Wote wawili walijua nani hasa alikuwa mgeni, na kicheko chao kilikaa humo.

Walikutana mwaka wa 1979, baada ya vita vilivyoingia mjini, nyumba za mabosi zilipokuwa zikitengenezwa. Badibanga alikuwa amejifunza kazi ya pisini kwa fundi mmoja Mtaliano, naye akamfundisha Mbayo. Alimfundisha kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo huku ameweka sikio karibu. Lipu iliyoshika hujibu kwa sauti ya jiwe. Lipu iliyoachana na ukuta wake hujibu kwa sauti ya mtungi mtupu, hata kama kwa macho bado inapendeza.

"Hapa ukuta iko nadanganya," Badibanga alisema, akachora duara kwa mkaa.

Waling'oa lipu yote ya zamani kwa patasi, wakalowesha ukuta, wakachanganya simenti nyeupe na unga wa marumaru. Baada ya hapo hakukuwa na kupumzika. Lipu ya pisini haingoji kesho. Watu wawili huanza pamoja alfajiri, bega kwa bega, kuta kwanza na sakafu mwisho, wakirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye ngazi. Mkono mmoja ukichelewa, maungio yataonekana, na maji hayafichi kitu. Maji hukuza. Kesho yake hufunguliwa maji, na maji nayo hayaruhusiwi kusimama mpaka bwawa lijae. Yakisimama, hata kwa saa mbili, huacha mstari ukutani, na mstari huo haufutiki mpaka lipu yote ing'olewe.

Kazi kama hiyo huwafanya watu wawili kuwa na mkono mmoja. Wenye pisini walisema hawawezi kuonyesha ukuta upi ni wa Mbayo na upi ni wa Badibanga.

Kisha nchi yenyewe ikaanza kuachana na lipu yake. Migodi ilibomoka, mishahara ikakauka, wanajeshi wakapora maduka, Wazungu wakaondoka na funguo za nyumba zao mifukoni. Halafu yakaja maneno ya mikutano na ya redio: hawa ni wenyeji, hawa ni wageni, kazi ni za wenyeji, wageni warudi kwao. Wageni walikuwa watu wa Kasai. Lile neno ambalo Mbayo alilipaza kila asubuhi likaanza kupigiwa kelele barabarani na vijana wenye marungu, na ndani yake hakukuwa na kicheko.

Mwaka wa 1993, mvua za mwisho zilipokuwa zikiisha, Madame Valérie aliwaita. Mume wake alikuwa mkubwa mjini, binti yao Stéphanie alikuwa karibu kuolewa, na lipu ya pisini yao ilikuwa ikibanduka kama magamba ya samaki. Alitaka wageni wa arusi wakae kando ya maji wakati wa jioni.

"Mugeni gani, Madame?" Badibanga alimuuliza. "Siku hizi iko aina mbili."

Madame Valérie hakucheka. Alimwambia atalala katika kibanda cha vyombo nyuma ya nyumba, asitoke nje ya ukuta, na kazi iwe nzuri.

Kwa maana wakati huo Badibanga hakuwa tena na nyumba. Mawe yalikuwa yameangukia bati lake usiku tatu mfululizo, na mkewe Mbelu alikuwa amechukua watoto wanne na sufuria, akaenda kulala stesheni pamoja na maelfu ya watu wa Kasai waliokuwa wakingojea treni chini ya maturubai. Badibanga hakutaka kwenda. Kila Jumapili mlinzi wa Madame alimpenyeza stesheni kuona watoto, na kila Jumapili alimwambia mkewe kwamba mambo yatapoa.

Asubuhi ya kwanza ya kazi ile, Mbayo alifika ukingoni, akatazama chini, akaona mgongo wa rafiki yake umeinama juu ya ndoo. Hakuweka mikono kiunoni.

"Bonjour, Badi," alisema.

Badibanga aliacha ndoo, akapanda ngazi, akaja mpaka usoni pake.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana. Nilifikiri, siku hizi, ile neno..."

"Sikia, Mbayo. Kule inje batu bote banasema ile neno. Weye peke yako unaisema na mi nacheka. Asubuhi yenye utanyamaza, nitajua ile banasema ni kweli, nitapanda treni. Lakini kama uko nanitukana, Kolwezi ingali kwetu. Rudia kule. Fika tena."

Mbayo alirudi mpaka kwenye geti. Akafika tena, mikono kiunoni.

"Weye mugeni! Treni yako imefika!"

"Ingoje!" Badibanga alicheka, na pisini yote ikacheka naye. "Mutu ya Kisenge hajanawa!"

Waling'oa lipu kwa majuma mawili. Kila asubuhi Mbayo alitukana, na kila asubuhi alitukana kwa sauti ndogo kidogo kuliko jana, kwa sababu nje ya ukuta vijana walikuwa wakipita wakiimba.

Jumapili moja, baada ya misa, Mbelu alikuja nyumbani kwa Mbayo, mtaa wa Kasulo. Alikuwa amejifunga kitenge mpaka kichwani. Hakutaka kuketi.

"Shemeji, wanasema treni itafika siku ya tatu kutoka leo," alisema. "Majina yetu imekwisha kuandikwa. Hii ikituacha, hatujui ingine."

"Badi anajua?"

"Nimemwambia. Anasema twende sisi, yeye atatufuata arusi ikipita. Shemeji, bwana ya jirani yetu alisema vilevile. Balimukamata mu njia ya soko. Hatujamuona tena." Alifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Bwana yangu hasikie redio. Hasikie padri. Hasikie mi. Kila mara ananijibu: Mbayo angali ananitukana, hakuna neno. Unasikia? Anabakia hapa sababu ya matusi yako."

Mbayo alinyamaza.

"Nyamaza vile," Mbelu alisema. "Vile vile unanyamaza sasa. Kesho kutwa, mukipiga lipu, unyamaze vile."

"Mama Mbelu, unaomba nimuue."

"Naomba abakie na roho. Batoto banne."

"Alafu? Nitamwambia lini kama ni weye uliniomba?"

"Ukimwambia atashuka mu treni. Unamujua. Apa, shemeji. Apa mbele yangu kama hautamwambia, mpaka mi mwenyewe nikufungue."

Mbayo aliapa. Baadaye, katika miaka mingi ya kulitafuta kosa lake, alirudi mara kwa mara kwenye kizingiti kile. Alijiuliza kwa nini hakusema: lete watoto hapa, walale kwangu, nyumba ni ndogo lakini mlango una kufuli. Neno hilo lilimjia siku tatu baada ya treni kuondoka. Siku ile lilikuwa wapi?

Siku ya lipu ilipambazuka bila wingu. Mbayo alifika ukingoni. Chini, kuta zilikuwa zimelowa tayari, simenti nyeupe imelala katika beseni kama unga wa ugali, na Badibanga ameinama, mwiko mkavu mkononi, akingoja.

Mbayo alishuka ngazi.

"Bonjour, Tata Badibanga," alisema. "Tuanze."

Neno Tata lilizunguka kuta zote nne. Ni neno zuri, la heshima, huitwa hivyo mwanamume yeyote aliye mtu mzima. Katika miaka kumi na minne hawakuwahi kuitana hivyo.

Badibanga aliinua kichwa polepole. Alijaribu kutabasamu.

"Leo treni haijafika?"

"Sijui habari ya treni."

"Mbayo."

"Simenti itakauka," Mbayo alisema. "Tuanze."

Wakaanza. Saa nne Badibanga alimfungulia mlango tena: alisema kwamba leo lipu itaingia uchafu, mtu wa Kisenge hajanawa. Mbayo aliomba aongezewe maji. Adhuhuri Badibanga alisema baba zao walikuja na treni moja. Mbayo alijibu kwamba upande wa kushoto unahitaji mkono wa pili. Baada ya hapo hakukuwa na sauti ila ya chuma juu ya lipu, kwenda na kurudi, kama pumzi ya mtu aliyelala. Walikwenda bega kwa bega, kuta zote, kona zote, kisha sakafu, wakirudi nyuma. Mbayo hakuthubutu kugeuza uso. Alijua kwamba akimtazama atavunja kiapo.

Haijawahi kupigwa lipu nzuri kama ile Kolwezi. Jua lilipoinama, pisini ilikuwa nyeupe kama ndani ya yai.

Badibanga alipanda ngazi wa mwisho. Aliosha mwiko wake, ule wa Mtaliano, wa chuma chembamba uliolika mpaka ukafanana na jani. Aliukausha kwa shati lake, akauweka juu ya ukingo karibu na mkono wa Mbayo.

"Ubakie nayo," alisema. "Kule sijui kama biko mapisini."

Kabla ya mapambazuko mlinzi alimsindikiza stesheni.

Asubuhi Mbayo alifungua maji peke yake. Alilaza mpira juu ya gunia sakafuni ili maji yasichimbe lipu, akakaa ukingoni akiyalinda. Maji ya bomba yalikuwa dhaifu siku zile. Yalipokatika ilimpasa mtu kuwasha mara moja pampu ya tangi, na kazi hiyo ilikuwa yake. Maji yalipanda kidole, yakapanda kiganja. Karibu na saa tano treni ililia.

Mbayo alisimama.

"Uko naenda wapi?" Madame Valérie aliuliza kutoka barazani. "Weye mwenyewe ulisema maji haisimame."

"Nakuya sasa hivi, Madame."

Alikimbia. Kutoka mtaa wa mabosi mpaka stesheni si mbali kwa mtu anayetembea. Siku ile palikuwa mbali kwa mtu anayekimbia. Alipita kati ya vyungu, vitanda vilivyofunguliwa, cherehani, picha za arusi zilizofungwa kwa kamba. Mabehewa yalikuwa ya kubebea madini. Watu walijaa ndani, na juu, na kwenye ngazi, na kando ya reli vijana wenye marungu walikuwa wakiwapigia kelele lile neno. Mgeni. Mgeni. Treni yenu imefika.

Aliwaona kwenye behewa la nne. Mbelu ameketi juu ya gunia, mtoto mdogo mapajani. Badibanga amesimama mlangoni, mkono mmoja ameshika chuma.

Badibanga naye alimwona, na uso wake ukafunguka. Mbayo hakuusahau uso huo. Ulikuwa uso wa mtu aliyeinama juu ya ndoo, anayengoja asikie sauti kutoka juu. Akasogea mpaka ukingoni mwa behewa, akainama kidogo.

Maneno yote yalikuwa kinywani mwa Mbayo. Kama angeyasema, hata kwa sauti ndogo, Badibanga angeruka chini, treni ikaenda bila yeye. Mbelu alikuwa akimtazama. Mwanamke mmoja karibu na magurudumu alikuwa akilia, kwa sababu kijana mmoja alikuwa amemwambia maneno hayo hayo, neno kwa neno, sasa hivi.

"Safari muzuri, Tata Badibanga," Mbayo alisema.

Uso ukafungika.

"Aksanti, Tata Mbayo," Badibanga alijibu. "Usalimie bibi na batoto."

Walipeana mikono, kama watu wawili waliokutana siku moja katika ofisi.

Aliporudi, bomba lilikuwa limekauka zamani. Hakuna aliyejua kuwasha pampu. Maji yamesimama, yametulia, safi, yakifika magoti upande wa kina, na juu yake lipu ilikuwa imekauka kwa jua.

"Nilikuambia," alisema Madame Valérie.

Aliwasha pampu. Maji yalipanda tena, yakaufunika mstari. Arusi ya Stéphanie ilifanyika, taa ziliwaka kando ya maji, na hakuna aliyeona kitu. Mbayo alialikwa kula jikoni. Hakwenda.

Miaka ikapita, kumi na mitatu. Mtu mwingine alinunua nyumba ile, akakuta pisini kavu na mstari wa kijivu ukizunguka kuta zote nne. Akamwita Mbayo, mzee sasa, mwenye mwiko mwembamba kama jani. Mbayo alishuka ngazi, akageuza nyundo, akagonga kwa mpini huku ameweka sikio karibu. Aligonga kila mahali. Kila mahali ukuta ulijibu kwa sauti ya jiwe.

"Lipu hii haina ubaya," alimwambia mwenye nyumba. "Iache."

"Na huu mustari?"

"Mustari haitoke mpaka lipu yote itoke. Na hii lipu ingali inashika."

Mwenye nyumba alimtafuta fundi mwingine. Mbayo hakutaka kujua aliyempata.

Mwaka huohuo, huko Mutoshi, alikokwenda kununua maharage, alikutana na Mianda. Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyefika na magunia kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, kila mwezi, akiwauzia wachimbaji. Alikuwa ameondoka Kolwezi akiwa msichana, katika mabehewa yale yale. Mbayo alimuuliza swali alilowauliza watu wote wa kutoka huko.

"Badibanga? Ule muzee ya kujenga?" Mianda alisema. "Namujua muzuri. Anakaa nyuma ya stesheni. Anapigaka lipu ya kuta ya makanisa, nzuri mpaka batu banaguza na mukono."

Mbayo alifungua mfuko wake wa maharage.

"Na bibi yake?"

"Mama Mbelu? Ule alikufa zamani, Tata. Mwaka yenye tulifika. Kolera, ile ya kuhara."

Maharage yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye kopo la Mianda kuingia mfukoni, taratibu. Yule aliyeahidi kumfungua kiapo hakuwa tena duniani. Miaka yote ile Badibanga alikuwa amekaa nyuma ya stesheni, na hakukuwa na mtu wa kumwambia ukweli.

"Anasemaka juu ya Kolwezi?"

"Kidogo sana. Anasemaka bote balimufukuza na matusi, lakini mutu moja tu alimuaga na heshima."

Mianda alimpa kigoda, akamfungulia chupa ya maji. Mzee alikunywa kidogo, akasema:

"Mwanangu, unibebee neno moja. Umwambie vile nitasema, usibadilishe kitu. Umwambie: weye mugeni, treni yako imefika, ungali unatafuta nini kule?"

Mkono wa Mianda ulisimama juu ya gunia. Alimtazama mzee huyu aliyeketi kwenye kigoda chake, anayekunywa maji yake.

"Tata," alisema taratibu, "ile neno balituambia mu njia yote, mpaka mu vagon ya treni. Mama yangu alikufa nayo mu masikio. Mi siibebe."

"Si ile. Ni ingine. Ni yetu, mi na yeye, ilikuwa..." Alianza kueleza. Alieleza pisini, mikono kiunoni, mtu wa Kisenge ambaye hajanawa. Alijisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyotoka, moja moja, makavu, bila kuta za kuyazungusha. Wachimbaji wawili walikuwa wakingoja nyuma yake na mifuko yao.

Mianda alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Tafuta salamu ingine, Tata," alisema.

Mbayo alifikiri. Alitafuta katika miaka kumi na minne yote, asubuhi moja baada ya nyingine, na hakukuta nyingine.

"Basi, mwambie Mbayo anamusalimia."

"Ile nitabeba." Mianda alifunga mfuko wa maharage, akampa kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri. "Nitamwambia unamusalimia na heshima yote."